Joto, utando wa seli na ndoo moja ya maji

(Niliongea haya Jumamosi kwenye siku ya wazazi, shule moja ya sekondari huku Ilemela, Mwanza. Wengi mmeniomba niyaandike, kwa hiyo nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu pale niliporudia rudia.)

Mwangaluka wazazi! Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wanafunzi wangu hamjambo. Asanteni kwa kuja jamani, najua Jumamosi ni siku ya hela, wengine mmefunga meza pale Mwaloni ndo mkafika, na mama zangu wa maandazi mmeamka saa tisa usiku, kwa hiyo sitawaweka sana. Mimi nafundisha baiolojia hapa, nimeambiwa niongelee kitu chochote cha sayansi, nimechagua kitu ambacho nimekibeba tangu utotoni, joto linaifanya nini seli, yaani kile chumba kidogo sana kinachojenga kila kiumbe hai.

Hapa mezani kuna glasi nne na bitiruti moja. Asubuhi kijana wangu wa kidato cha tatu amekata vipande vinne vinavyolingana, kila kimoja kama kifuniko cha soda, akavisuuza mara nne tano mpaka vikaacha kutoa rangi, maana kisu nacho kinapasua seli za pembeni, na hizo zikishapasuka zinamwaga rangi hata kwenye maji ya baridi, zingetudanganya. Glasi ya kwanza ina maji ya bomba, kipimajoto kinasoma nyuzi 25. Ya pili 45, ukitia mkono utavumilia lakini utasema mh. Ya tatu 60. Ya nne tumeyamimina sasa hivi kutoka kwenye chupa ya chai, 80. Naweka kipande kila glasi, tunaipa dakika tano, mimi naongea ila nyie macho yabaki kwenye glasi.

Ile rangi nyekundu ya bitiruti imekaa ndani ya kifuko kidogo, kifuko kiko ndani ya seli. Kifuko kina utando wake, na seli nzima nayo ina utando wake wa nje, kwa hiyo rangi ili ije kwenye maji lazima ivuke tando mbili. Kwenye maji ya kawaida haivuki, yaani haivuki kabisa, ungeweza kuiacha hapo mpaka jioni ukakuta maji yana wekundu wa kubahatisha tu.

Sasa huo utando ni mafuta. Watu wakisikia utando wanafikiria kitu kama nailoni au ngozi ya ngoma, hapana, ni mafuta, matabaka mawili yamelaliana, upande unaopenda maji umetazama nje na ndani, mikia inayokimbia maji imefichana katikati. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walichukua seli nyekundu za damu, wakatoa mafuta yake, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe, ndo ikaonekana kumbe ni matabaka mawili. Unene wake ni kama nanomita 5, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Karatasi ya daftari mnayoandikia hapo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, sasa ili ufikie unene wa karatasi moja inabidi upange tando za seli kama 20,000. Hicho ndo kitu kinachotenganisha uhai na maji ya nje.

Na mafuta mnayajua tabia yake. Mliokulia kwa wafugaji huko Magu na Kwimba, samli ya kwenye kibuyu asubuhi ya mwezi wa saba ina sura gani? Imeganda, unachota na kijiko. Saa nane mchana inamwagika. Mafuta ya alizeti je, yenyewe asubuhi ile ile yanamiminika tu. Tofauti yao ni mikia, mafuta ya alizeti mikia yake ina mikunjo kwa hiyo hayawezi kujipanga yakabanana, samli mikia yake mingi imenyooka inabanana vizuri ikipoa. Na utando wa seli ni hivyo hivyo, ukiwa wa baridi sana unakuwa mgumu hakuna kinachopita, ukipata joto sana unalegea kila kitu kinapita. Bakteria na samaki wanalijua hili kuliko sisi, maji yakipoa wanabadilisha mafuta ya tando zao wanaongeza yenye mikunjo, maji yakipata joto wanaongeza yaliyonyooka, ili utando ubaki na ulaini ule ule. Mimi kila nikilifundisha hili nasimama kidogo, bakteria hana ubongo, hana hata macho, lakini anachanganya mafuta yake kulingana na msimu.

Sasa uzio peke yake hautoshi, ndani kuna kazi. Ndani ya seli madini ya potasiamu ni mengi kama mara 30 kuliko nje, sodiamu ni kinyume, nyingi iko nje, na kalsiamu ya nje ni kama mara 10,000 ya ndani. Kila moja inatamani kwenda pale ilipo kidogo. Kwa hiyo kwenye utando kuna pampu, ni protini, kila mzunguko inatupa sodiamu tatu nje inaingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, inakula sehemu kubwa ya nguvu za seli hata wewe ukiwa umelala. Mdogo wangu ni fundi mitumbwi ng'ambo ya ziwa, yeye anasema hakuna mtumbwi wa mbao usiovuja, kuna mtumbwi ambao mchotaji anayawahi maji na kuna mtumbwi ambao maji yanamuwahi mchotaji. Sijapata mfano mzuri kuliko huo. Joto linafanya yote mawili kwa mpigo, linapanua mianya ya mbao na linamuangusha mchotaji, kwa sababu mafuta yanalegea, na pampu kama protini nyingine yoyote ikipata moto inapoteza umbo lake, ule ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni ndo protini inapoteza umbo, na yai likishakuwa jeupe halirudi kuwa ute.

Haya tuangalie glasi. Ya 25, maji meupe. Ya 45, mnaona? Pinki kwa mbali, lazima uweke karatasi nyeupe nyuma ndo uione. Ya 60, hiyo tayari juisi. Ya 80 ni kama damu, na kipande chenyewe kimeanza kupauka. Angalieni kitu kimoja, kutoka 25 kwenda 45 ni nyuzi 20 na mabadiliko ni kidogo sana, kutoka 45 kwenda 60 ni nyuzi 15 tu na kila kitu kimebadilika. Seli haiharibiki kidogo kidogo sawa sawa na kipimajoto kinavyopanda. Inavumilia, inavumilia, alafu inafika mahali inaachia.

Lakini sio nyuzi tu, na hapa naomba sana mnisikilize. Ni nyuzi na muda. Mwaka 1947 Marekani, Moritz na Henriques walipima ngozi inaungua kwa joto gani na kwa muda gani, kwa nguruwe na kwa watu waliojitolea. Nyuzi 44 ngozi inahitaji kama masaa sita ndo iungue. Masaa sita! Lakini ukishavuka hapo kila nyuzi moja unayoongeza inakata ule muda karibu nusu, ukifika 60 ni kama sekunde tano, ukifika 70 ni sekunde moja au chini yake. Hapa Mwanza tuko mita 1,134 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye kama nyuzi 96, sio 100, lakini 96 au 100 kwa ngozi ya mtoto hakuna tofauti, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yangu.

Seli nayo haikai tu kusubiri kufa. Ina ulinzi. Mwaka 1962 Mtaliano mmoja, Ritossa, alikuwa anachunguza nzi wadogo wale wa kwenye matunda, mtu akapandisha joto la kabati la kutunzia sampuli bila yeye kujua, alipoangalia kwenye hadubini kromosomu, zile zinazobeba jeni ndani ya seli, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, akakuta zimevimba sehemu ambazo hazijawahi kuvimba. Maana yake jeni zilizokuwa zimelala zimeamshwa na joto. Miaka kama 12 baadaye ikajulikana zinatengeneza protini maalum, protini za mshtuko wa joto, kazi yake kushika protini nyingine zilizoanza kulegea zisikamatane zikawa donge kama yai. Karibu kila kiumbe kinazo, bitiruti inazo, hamira inazo, sato anazo, wewe unazo. Alafu mwaka 1975 ikaonyeshwa kwenye seli za binadamu za maabara, ukizipa joto la wastani kwanza, ukaziacha zipumzike masaa kadhaa, ukija kuzipa joto kali zinapona nyingi kuliko zile zilizoshtukizwa. Zimejiandaa.

Na utando ukitoboka tundu dogo seli inaziba. Kalsiamu ya nje ikiingia kidogo ni kengele, vifuko vya ndani vinakimbilia pale kwenye tundu vinajishona kama kiraka, sekunde chache mpaka dakika imeshamaliza. Kalsiamu ikiingia nyingi sasa, ile kengele inageuka kuwa sumu, inaamsha vimeng'enya, protini za kuvunjavunja vitu, vinavyokula seli yenyewe.

Kwa hiyo seli inaweza kujiandaa, ila inataka masaa. Inaweza kuziba, ila inataka tundu liwe dogo. Uji wa moto haukupi hata kimoja.

Nikiwa darasa la tano tulikuwa tunakaa Mabatini. Mdogo wangu, huyu huyu fundi mitumbwi, alikuwa na miaka mitatu, jioni, jiko la mkaa liko kibarazani, uji wa ulezi juu yake, mama ameingia ndani kuchukua sukari. Mtoto akavuta mwiko. Uji sio kama maji jamani, maji yanamwagika yanaondoka, uji unang'ang'ania unaendelea kupika, na alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu, sweta likanyonya uji likaushika kwenye mkono. Majirani wakajaa. Mmoja akaleta dawa ya meno wakampaka kutoka kiwiko mpaka vidole, mkono ukawa mweupe kama umepakwa chokaa, mwingine akasema yai, likapasuliwa yai, mwingine unga wa ngano. Kila mtu alikuwa na nia njema, naapa kila mtu alikuwa anataka kusaidia, na mama alifanya alichofundishwa na mama yake. Tukabebwa kwenda kituo cha afya, tukakaa foleni mpaka giza, nesi alipofika akaanza kuikwangua ile dawa ya meno ili aone jeraha, na mtoto alilia kilio ambacho mpaka leo nakisikia.

Pale mlangoni kwetu, hatua tatu kutoka kwenye jiko, kulikuwa na ndoo ya maji ya lita 20. Imejaa. Nilikuwa nimetoka kuiteka mimi mwenyewe. Hakuna aliyeigusa.

Miaka mingi baadaye nimekaa chuoni, mwalimu anachora jeraha la moto ubaoni, duara tatu, mgawanyo ambao daktari mmoja Mwingereza, Jackson, aliuweka wazi. Duara la ndani kabisa seli zimekufa, basi, hapo hakuna cha kufanya. Pembeni kabisa ngozi imewiva wekundu, itapona yenyewe. Lakini duara la kati, seli za pale hazijafa. Tando zinavuja, mchotaji amechoka, damu inapita kwa shida, na zinaweza kwenda upande wowote, zikipoozwa na kupata damu zitapona, zikiachwa na joto lao zitakufa ndani ya siku moja mbili na jeraha litazidi upana na kina. Nilitoka nje ya darasa. Nilikuwa nahesabu lile duara la kati kwenye mkono wa mdogo wangu.

Ngozi ikishaungua joto haliishi pale uji ulipotoka, limeingia ndani linaendelea kupika, na dawa ya meno, mafuta, yai vinalifunika tu hilo joto na kuleta uchafu. Maji ya kawaida yanalitoa. Maji ya baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, yana faida hata kama umechelewa mpaka masaa matatu, lakini kila ukiwahi ni bora. Vua nguo iliyoloa haraka, bangili, pete, kamba ya mkononi, isipokuwa nguo iliyogandia kwenye ngozi hiyo usiivute. Mwili uliobaki umfunike asipate baridi, hasa mtoto. Barafu usiweke, baridi kali inabana mishipa ya damu na lile duara la kati linakosa damu, umeua ulichotaka kuokoa. Malengelenge usipasue. Ukimaliza dakika zako funika kwa kitambaa kisafi, nenda hospitali. Ni hivyo tu.

Baada ya hapo yakaja maswali, naandika matatu.

Mama mmoja wa maandazi kutoka Pasiansi akauliza, mwalimu hizi seli za hamira nazo zina utando? Mbona siku nyingine nikiloweka haiumuki? Nikamuuliza unaloweka na maji gani mama, akasema siku nikiwa na haraka ya chupa, siku nyingine ya ndoo asubuhi. Yote mawili nikamwambia yanaua. Ya chupa ni kama glasi ya nne, ukivuka 60 hamira imeiva. Ya baridi wengi hawajui. Hamira kavu ni seli hai zilizonyimwa maji, zimejaza sukari inayoitwa trehalosi inayoshikilia tando zisiporomoke, na utando mkavu umekaza kama samli ya asubuhi. Ukiurudishia maji ya baridi unalegea huku umeshaloa, wakati ule wa kulegea unavuja vitu vya ndani na seli nyingi hazirudi. Ukirudishia na maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40 hivi, utando umeshalainika kabla maji hayajaleta shida, seli inaamka nzima. Weka kidole, usikie joto limezidi kidogo lile la mwili wako, hapo ndo penyewe. Akasema kumbe. Na ndizi mkiziweka kwenye friji zikawa nyeusi ni ndugu wa jambo hilo hilo, chini ya kama nyuzi 13 tando za ndizi zinaharibika, vitu vilivyokuwa vyumba tofauti vinakutana vinatengeneza weusi.

Kijana anayefuga sato kwenye vizimba akauliza kwa nini maji yakitulia na jua likiwa kali samaki wanakufa wengi kwa mara moja. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na samaki mwenye joto anahitaji oksijeni nyingi zaidi, bila oksijeni seli haina nguvu, bila nguvu pampu inasimama, sodiamu inaingia na maji yanaifuata, seli inavimba mpaka inapasuka. Mchotaji kafa njaa mtumbwini. Nikamwambia asibananishe samaki na asiwalishe saa za jua kali siku kama hizo.

Wa mwisho alikuwa bibi wa Igogo, wa kule juu kwenye mawe. Akasema mwanangu umeongea vizuri, lakini sisi maji tunapanda nayo mlima kichwani, hiyo bomba ya dakika 20 tunaitoa wapi?

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo na lilikuwa swali la maana kuliko yote. Nikaomba iletwe ndoo ya lita 20, beseni, na kata. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono juu ya beseni, bibi akasema ngoja nimimine mwenyewe. Akawa anachota kidogo anamwaga taratibu kuanzia juu ya kiwiko maji yanashuka mpaka vidoleni, anasubiri kidogo, anachota tena, mimi nashika simu nahesabu, ukumbi wote kimya. Sikumwambia amwage kwa kasi gani, alikuwa anamwaga kama mtu anayejua thamani ya maji. Dakika ya kumi ndoo ilikuwa zaidi ya nusu. Ya ishirini bado kuna maji. Iliisha dakika ya 23, na maji ya kwenye beseni yalikuwa yapo yote, unaweza kuloweka kitambaa kisafi ukaendelea kumfunika nacho njia nzima mpaka hospitali.